Ubao wa Mashine ya Bi Eustolia

Mjomba Fidencio alisema atakayechagua ubao wa mashine ya mteja wetu Bi Eustolia, na ubao ukadumu, atapewa meza ya mbele, ya fundi mkuu. Kwa miaka sita mimi nilikuwa wa kupiga msasa tu. Meza ile niliitaka kuliko kitu chochote karakanani.

Tunatengeneza mashine za gemu hapa Ecatepec, Meksiko, zile za kusimama, za kutumbukiza sarafu. Watu hutazama kioo. Mimi hutazama ubao wa mbele wenye kirungu cha kuchezea na vitufe, maana hapo ndipo wachezaji wanapomalizia hasira zao. Ukiwa mnene, kirungu kinamezwa na mkono hauna pa kushika. Ukiwa mwembamba mno, unabonyea kama kitanda cha wageni.

Edilberto, au Beto, mtoto wa Mjomba, alileta ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, laini kama shavu la mtoto. Mimi nilileta plaiwudi ya milimita tisa. Nilikuwa nimeigonga kwa kidole dukani, nikasikiliza, nikachungulia ukingoni kama ina mapengo. Kwa macho haikuwa na sifa.

"Hii ina makunyanzi kama bibi yangu," Edilberto akacheka. "Picha ya gemu tutaibandika wapi?"

"Bi Eustolia anauza tortila, Beto."

"Kwa hiyo?"

"Nenda kaangalie. Watoto wakitumwa tortila, wakishapewa wanasimama kucheza. Ule mzigo wa chapati za mahindi za moto kwenye kitambaa wanauweka wapi? Juu ya ubao, karibu na vitufe. Mvuke unashuka. Huo wako utafura."

"Salaam, profesa wa darasa la sita!"

Mjomba naye akacheka. La darasa la sita, nilikoachia shule, nimelizoea. Kilichoniuma ni kwamba Mjomba alikuwa amenisikiliza mpaka mwisho, akaelewa, ndipo akacheka.

"Yuridia, mwanangu," akasema, "mteja hununua kwa macho."

Wakapeleka ule laini. Bi Eustolia akaupapasa, akafurahi, akasema anataka mashine kama hiyo katika maduka yake yote kumi na moja.

Wiki ya tatu alituita. Upande wa kulia, pale pale watoto wanapoweka mizigo, ubao ulikuwa umevimba na kupasuka. Vitufe viwili vimezama. Kirungu kinatikisika kama jino bovu.

"Fidencio, hii ni mashine au mkate uliodondokea kahawani?"

"Nisamehe, mama," Mjomba akasema, mikono kifuani. "Huyu binti wa dada yangu ndiye aliyechagua ubao. Nilimpa nafasi ajifunze."

Nikamngoja Edilberto aseme neno. Alikuwa ameinama, anachunguza skrubu moja kama daktari.

"Si mimi," nikasema. "Mimi nilichagua plaiwudi."

Bi Eustolia akanitazama kuanzia viatu. "Binti, mjomba wako mwenyewe akusingizie ili apate nini?"

Nilikuwa na jibu, lakini alishageukia foleni. "Kilo mbili za nani hizi?"

Karakanani Mjomba alivua kofia, akaitazama plaiwudi yangu iliyoegemezwa ukutani.

"Beto, kata vipande kumi na kimoja vya hiyo, oda ya maduka bado ipo. Meza ya mbele kaa wewe. Bi Eustolia hatataka kusikia jina la Yuridia." Kisha akanigeukia, sauti ya upole kabisa. "Wewe usijali, mwanangu. Mkono wako wa msasa hakuna anayeufikia."

Edilberto akaiweka plaiwudi juu ya meza, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Dada Yuri, upande upi unakaa juu?"

Nilitamani akosee. Halafu nikamwonyesha, kwa sababu akikosea wangesema ni mimi.