Kitanda Kilichobaki Kitupu

Asubuhi moja ya mwaka 1973, Alfayo alilisimamisha gari la wagonjwa karibu na soko la Kisii, akaongeza maji kwenye rejeta, kisha akanunua chai na maandazi. Gari alikuwa amelitoa Mombasa. Lilikuwa kuukuu, kubwa kama lori, limechoka kubeba wapagazi wa bandarini walioangukiwa na mizigo. Breki zake zilitaka kubembelezwa. Kila mlima lilikohoa, na kila mlima Alfayo alilisemesha kama ng'ombe mkaidi.

Nyuma kulikuwa na vitanda viwili. Kimoja, moyoni mwake, alikwisha kumwekea mkewe.

Nyanchera alifariki mwaka uliotangulia, akiwa na uchungu wa kuzaa, kwenye daraja lililo chini ya Nyamira. Tangu hapo alikaa pale pale juu ya jiwe, tumbo likiwa vile vile, uchungu ukimjia na kumwachilia. Wanawake waliotoka sokoni walimsalimu na kumwachia ndizi mbivu. Orpah, mkunga wa zahanati ya Nyaramba, alikwenda kumpima, akasema mtoto amekaa vibaya lakini atazaliwa, ilmradi mama afikishwe akiwa amelala, bila mitikisiko ya machela. Zahanati ilipopata gari, Alfayo alijitolea kulifuata, ingawa hakuwahi kuendesha kupita Nakuru.

Alipotoka mjini alimkuta baba yake, Mzee Omwenga, amesimama na bakora kando ya barabara, mahali alipokatia roho siku ile ile aliyofariki Nyanchera. Mzee akapunga mkono. Baba hapitwi njiani, Alfayo akasimama. Mzee akapanda, akajilaza kitanda cha kushoto, akalisifu godoro.

Siku ile ya msiba mzee alikuwa amebanwa na kifua, Nyanchera na uchungu, na pikapu ya mwenye duka ilikuwa moja. Kwa Wagusii mkaza mwana halali mahali alipo baba mkwe. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima ambayo mtoto huinyonya pamoja na maziwa. Alfayo alimpakia baba yake kumpeleka hospitali ya Kisii. Nyanchera akafuata kwa machela, mabegani mwa wanaume. Heshima si utumwa, husema Waswahili. Lakini Waswahili hawakuwapo darajani.

Safari hii Nyanchera alisikia mlio wa gari kutoka mbali, akafunga leso vizuri, akasimama. Alfayo akafungua mlango wa nyuma. Nyanchera akaiona bakora, akainamisha macho, akarudi nyuma.

"Baba Mong'ina," akamwita mumewe, "ni nani amelala humo?"

"Ni Tata," Alfayo akamtaja babake.

"Basi endeni. Mimi nitangoja."

Alfayo alitaka kumwomba mzee ashuke. Maneno alikuwa nayo. Aliyatafuta mwaka mzima. Lakini mtu hamshushi babake kitandani, na mzee mwenyewe alikuwa amegeukia ukutani kwa adabu, asimwone mkaza mwana wake. Alfayo akafunga mlango. Alilia hadi Nyaramba, wala hakujificha.

Nyaramba watu waliimba, mchungaji akaliombea gari. Orpah alikuwa ametandika shuka safi. Alipoambiwa, aliikunja akairudisha kabatini. Mzee aliitwa ashuke anywe uji, akasema hapo alipo anasikia vizuri, kifua hakimbani tena. Kamati ya zahanati ikakaa. Wote walikuwa wanaume, wote wanawe au wana wa ndugu zake, na hakupatikana wa kumshusha. Wakaamua gari lianze kazi hivyo hivyo.

Kazi lilifanya. Lilibeba wazee, wanafunzi waliovunjika mikono, mchuma chai aliyeumwa na nyoka. Wake walioolewa katika ukoo huo, yaani karibu kijiji kizima, waliendelea kubebwa kwa machela kama zamani. Walipolalamika, waliambiwa wavumilie, mzee hatakaa humo milele.

Mvua za mwaka 1975 ziliharibu njia. Bosibori, mke wa mdogo wake Alfayo, alibebwa alfajiri akiwa na uchungu, na walipofika darajani wabebaji wakaiweka machela chini, haraka imekwisha. Kesho yake Alfayo alipita hapo na mgonjwa wa malaria. Alipunguza mwendo, akawapungia mkono. Nyanchera alikuwa amesogea kwenye jiwe ili Bosibori apate pa kukaa, na alikuwa akimfundisha jinsi ya kupumua uchungu unapokuja.