Mume wa Buibui wa Shengena

Usiku wa kuamkia leo niliota buibui wa mlima Shengena akipiga hodi mezani kwangu. Ni mdogo kama punje ya ulezi. Wataalamu hawajawahi kumwandika popote, na mimi ndiye ninayeandaa maelezo yake ili apewe jina.

"Bwana Mchome," anasema, "nimemfuata mume wangu."

Mumewe yumo kwenye chupa ya spiriti. Namweleza utaratibu: aina mpya haikubaliwi mpaka mmoja wao ahifadhiwe milele, awe mfano wa wenzake wote.

"Na wewe si ungemla tu, kama buibui wengine wa kike?" namuuliza.

"Kumla ni mambo ya nyumbani. Kumweka kwenye chupa watu wamtazame ni kumvunjia heshima."

Nageuka kutafuta kiti, kumbe tuko mahakamani, na buibui wamejaa hadi darini. Nao ni wa Upare kama mimi. Sisi huku tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, kwa hiyo najua nimekwisha.

Hakimu amevaa miwani minne, maana macho yake ni manane. Anatangaza kwamba hata wao wamegundua kiumbe kipya. Karani ananipima kwa uzi.

"Miguu miwili tu," anasoma. "Nywele zimehama kichwani, zimehamia masikioni. Anakoroma."

Wanaviringisha chupa kubwa kama tangi la maji, naingizwa. Spiriti inanifika magotini, ya baridi, na ninaogopa kwelikweli.

"Aitwe mkewe," anasema hakimu, "athibitishe kuwa huyu ni mfano halisi wa waume."

Mke wangu Nakijwa anaingia na ungo, bado anachambua maharage. Ananitazama juu hadi chini, bila haraka.

"Huyu? Hapana, mheshimiwa. Waume wote wangekuwa hivi, tungekufa njaa. Hata taa hajui kubadilisha. Hafai kumwakilisha mtu."

Naumia. Nataka kukata rufaa humo humo kwenye chupa.

Mke wa buibui anadakia: "Hata wangu hafai, mheshimiwa. Ana mguu mmoja mfupi, na nzi wanamcheka."

"Wote wawili waachiwe," anasema hakimu.

Nikaamka. Chupa ilikuwa mezani, kifuniko kimekazwa, spiriti imo, buibui hayumo. Suruali yangu ya kulalia ilikuwa imelowa mpaka magotini.

Nakijwa alikuwa ameniletea chai. Akaniona nilivyovuta mdomo.

"Usininunie," akasema. "Ningewaambia unafaa, sasa hivi ungekuwa wapi?"