Mboni za Breki

Mume wangu wanamwita Breki, na jina hilo alipewa kwa heshima. Tangu aanze kuendesha gari la shule hakuwahi kumkwaruza hata kuku. Mwaka huu akagonga nguzo ya geti letu wenyewe, akasema nguzo imesogea. Akaanza kumimina chai pembeni ya kikombe, akauliza nani kakihamisha. Nikamwambia nenda kapimwe macho. Akachukua gazeti, akanisomea mwanzo mpaka mwisho, na matangazo ya vifo humohumo, kisha akataka kujua kama vipofu siku hizi wanasoma hivyo.

Nikamwacha, ila sikutulia. Kila asubuhi gari lile lilijaa watoto wa watu, wale wadogo ambao mkoba unawazidi mgongo, na mimi nilikuwa nalisikia likikata kona huku nimeshika kifua jikoni. Ningekuwa na ushahidi ningemburuza kwa daktari kwa kola ya shati. Sikuwa nao. Nilikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi wa mke haujawahi kumsimamisha dereva.

Kisha kuchora kukaniangukia bila kukutafuta. Jumamosi moja niliingia maktaba kupumzisha miguu, maana wiki nzima nasimama kwenye pasi, nikakuta darasa la bure la wanaoanza kuchora. Kabla sijakaa vizuri binti mmoja, rika la kitindamimba wangu, ameshanipa penseli. Ndiye mwalimu. Nilimpa jina la Finya, kwa sababu hana sentensi nyingine: finya macho, mama, finya macho. Eti ukiyafinya, vitu vidogo vidogo vinapotea, unabaki na mwanga na giza tu.

Akaweka yai juu ya kitambaa cheupe. Nikachora yai safi kabisa, nikaliacha jeupe, maana yai ni jeupe. Kitambaa nacho nikakiacha cheupe. Finya akaja, akauliza yai liko wapi. Nikamwonyesha mstari. Akasema mstari haupo, yai halina waya, lina mahali penye mwanga na mahali pasipo na mwanga. Halafu akaongeza kwamba shuka jeupe likiwa kivulini linaweza kuwa jeusi kuliko kiatu cheusi kilichoko juani.

Jamani. Mimi ni dobi wa hoteli, nimezeekea kwenye mashuka. Weupe naujua kuliko aliyeuumba, Mungu anisamehe, halafu mtoto wa juzi ananifundisha shuka. Nikamwambia hivyohivyo. Hakukasirika. Akakata kipande cha boksi, akakitoboa tundu dogo katikati, akasema nichungulie humo, nione sehemu moja peke yake bila majirani zake.

"Usiniambie unachokijua," akasema. "Niambie unachokiona."

Jumatatu nilikwenda na boksi lile kazini kwa nia moja tu, kumuumbua. Chini ya meza kulikuwa na shuka jipya, limetoka kupigwa pasi. Dirishani juani alisimama msimamizi wetu na viatu vyake vyeusi vilivyopigwa rangi. Nikafinya macho, nikachungulia. Shuka: majivu matupu. Kiatu: kinawaka. Nikahamisha tundu, nikarudia, nikabadilisha mkono. Mtoto yule alikuwa sahihi, na iliniuma. Msimamizi akauliza kwa nini namchungulia miguu. Nikajibu kwamba kuna kitu nahakikisha, na baada ya chakula cha mchana nikaona amebadilisha soksi.

Toka siku hiyo nikawa mgonjwa wa kufinya macho. Lakini kuona ni jambo moja, kuweka kwenye karatasi ni jingine. Kila nilichochora kilitoka kijivu, sufuria kijivu, paka kijivu, kwa sababu penseli nilikuwa naipitisha juujuu kama pasi kwenye hariri. Finya akasema naogopa weusi. Akanichoresha ngazi ya vijisanduku, cha kwanza karatasi tupu, cha mwisho cheusi mpaka penseli iishiwe, na kila ninachokitazama nijiulize kwanza kinakaa kwenye sanduku gani.

Nilipoanza kupata nafuu akatutuma tuchore mtu wa nyumbani. Picha zingebandikwa ukutani hapohapo maktaba. Mimi mtu wa nyumbani ninaye mmoja tu wa kukalishwa kwa nguvu.

Jumapili mchana nikamkalisha Breki dirishani na shati lake jeupe. Alilalamika kama mtu anayeng'olewa jino. Nilipotia kijivu kwenye shati akachungulia, akauliza kama hilo ndilo shati ninalofua kwa mikono yangu. Nikamwambia atulie. Kipaji cha uso nikakiacha karatasi tupu, maana kilikuwa kinang'aa kuliko hata weupe wa macho yake, na nikajisifu kimoyomoyo. Halafu mboni. Ya kushoto ikakubali mara moja. Ya kulia ikagoma. Nikaikoleza, nikafinya macho, nikaona nimezidisha, nikafuta. Nikakoleza tena, nikafuta tena, mpaka ikabaki na rangi ya maji ya kuoshea mchele. Nikachoka, nikaiacha.

Jumamosi Finya aliishika ile picha. Akasifu shati. Akasifu kipaji cha uso. Kisha akaweka kidole chini ya jicho la kulia.

"Hapa umekosea, mama, au umeona?"

Nilikuwa tayari kusema nimekosea, kwa sababu huko darasani jibu langu siku zote ndilo hilo. Lakini sikukosea. Niliona. Finya akasema basi nikatazame tena, na alilisema polepole, kwa adabu, nikajua na yeye anaogopa.

Kesho yake nikamkalisha palepale, mwanga uleule, nikachungulia kwenye tundu. Mboni ya kushoto: sanduku la mwisho. Ya kulia haikufika hata katikati ya ngazi. Nikatupa boksi, nikamtazama kwa macho yangu mawili, na ukungu ulikuwa palepale. Ukiishi na mtu humtazami mboni, unatazama kama amevua viatu mlangoni. Nilijua mboni ni nyeusi, kwa hiyo kila asubuhi nikaona nyeusi. Nikakaa chini. Ule ni mtoto wa jicho, hata mama yangu mzazi alikuwa nao, hospitali wanautoa. Lakini mtoto wa mtu akigongwa na gari harudi.

Breki aliuona uso wangu. Akaichukua picha, akaisogeza upande wa kushoto ili aione, na kwa kule kuisogeza tu akawa amejisema. Hakubisha. Alinikumbusha kwamba yeye ndiye anayewaleta wanafunzi maktaba kila Ijumaa, na mwalimu mkuu huwa pamoja nao.

"Mama watoto," akasema, "ongeza weusi kidogo hapa. Nani atajua?"

Nisidanganye, mkono ulitaka. Usukani ndio heshima yake yote, na mimi nampenda mjinga huyu. Lakini hasira nayo ilikuwa imenikaba, maana mtu huyu alinisomea gazeti zima kwa jicho moja. Nikampa penseli.

"Tia mwenyewe," nikamwambia. "Ziba jicho la kushoto, halafu utie."

Akacheka, akasema nimerukwa na akili. Nikangoja. Breki ni mbishi, na ubishi ndio uliomponza. Akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Penseli ikazungukazunguka hewani kama mkono unaotafuta swichi gizani. Hatimaye ikatua. Akaikandamiza, akazungusha, akatia weusi wa kweli, bila woga hata kidogo. Akaondoa kiganja, akatazama.

Alikuwa ameitia kwenye ndewe ya sikio.

Aliitazama ile nukta. Kisha akatoa simu mfukoni, akampigia mwalimu mkuu. Hakusingizia gari bovu, hakusingizia tumbo.

"Mwalimu, kesho mtafute dereva mwingine," akasema. "Jicho langu la kulia halioni."

Nukta sikuifuta. Picha ilibandikwa nayo, na siku mwalimu mkuu alipokuja kuitazama, Breki alikuwa amesimama pembeni yangu, jicho limefungwa bandeji kutoka hospitali. Mwalimu akauliza tangu lini baba mzima anavaa hereni.

"Tangu ile Jumapili niliyokupigia simu," Breki akamjibu.