Wiki ya Baba Zuhra

Wiki ile haikuwa yangu, na nilitaka kila mtu pale msibani alijue hilo.

Tuna utaratibu wetu, mimi na jirani yangu Rashidy, baba Zuhra. Sisi tuko Matambarale, shule ya watoto iko Ruangwa mjini, na kila nyumba ina pikipiki moja. Wiki moja nawapeleka na kuwarudisha mimi, wiki inayofuata yeye. Mume wangu yuko kazini Nachingwea, kwa hiyo dereva wa nyumba yetu ni mimi, na waliokuwa wakinicheka wameshachoka wenyewe.

Siku hiyo tulikuwa tunamzika mzee Swalehe. Saa nane, muda wa watoto kutoka shule, nilichungulia nje nikaona pikipiki ya baba Zuhra haipo. Afadhali, amewafuata. Nikaendelea kumenya vitunguu na wenzangu, moyo umetulia kabisa. Mvua kubwa ikanyesha, ikakatika.

Saa kumi na moja wanaume wakarudi kutoka makaburini. Baba Zuhra alikuwa kati yao, kwa miguu, suruali imejaa udongo.

"Watoto wako wapi?" nikamuuliza.

Akanishangaa. "Si umewafuata wewe? Pikipiki yangu imechukuliwa kufuata mbao za kaburi. Nilijua umeona imeondoka."

"Niliona! Ndiyo maana nikajua umekwenda!"

Kwetu msiba ukiingia, pikipiki ya mtu ni ya msiba. Nalijua hilo tangu utoto, na bado halikunijia akilini. Lakini saa ile sikutaka kujilaumu. Nilimwita mzembe mbele ya wafiwa. Mkewe Swaumu akanishika mkono, nikaukung'uta. Nilichokuwa naogopa ni korongo lililo njiani kwenda shule. Mvua ikinyesha maji yanapita juu ya barabara, na Tabitha wangu ana miaka saba.

Nikampigia mwalimu wa zamu.

"Walisubiri mpaka mvua ilipokatika, mama. Nilipotoka tena getini sikuwaona."

Nikakimbilia nyumbani kuchukua pikipiki. Baba Zuhra akapanda nyuma bila kukaribishwa. Mara mbili tairi liliteleza kwenye tope, mara mbili akashusha miguu kutuzuia tusianguke.

Tulipofika korongoni, maji mekundu yalikuwa yanavuma. Ng'ambo walisimama wawili, wameshikana mikono, sweta za shule zimelowa.

"Tabitha!" nikapiga kelele.

Sikutakiwa kumwita. Aliponiona akauachia mkono wa Zuhra, akaja mbio, mguu mmoja ukaingia majini.

"Zuhra! Mshike mwenzio! Mvute!" baba yake akaita.

Zuhra amemzidi Tabitha mwaka mmoja tu. Akaidaka sweta ya mwenzake kwa mikono miwili, akavuta, wote wakaanguka chali kwenye tope, nje ya maji.

"Rudini juu! Kaeni hapo hapo, tunasubiri maji yapungue!" baba Zuhra akaongeza.

Tabitha alikuwa analia. "Mama, si ulisema! Ulisema ukichelewa tuanze kutembea!"

Ni kweli, nilisema. Wiki iliyopita, wiki yangu, nilichelewa mnadani, nikawakuta wamenuna. Nikawafokea kwamba wana miguu, siku nyingine waanze kutembea. Maneno ya hasira tu, nilikuwa nimeyasahau jioni ile ile.

Baba Zuhra alisikia kila neno. Nilisubiri anirudishie matusi yangu, na ningeyapokea.

"Wiki ilikuwa yangu, mama Tabitha," akasema taratibu. "Nimekosa mimi."

Nikaona aibu mpaka machozi yakanitoka. Nikasogea ukingoni, nikaita kwa nguvu zangu zote: "Zuhra! Baba yako hana kosa! Kosa ni langu!"

Mtoto akaweka mkono sikioni. Maji yalikuwa na kelele, ikabidi niseme tena.