Kilio cha Carmine

Carmine Lavecchia hakufa. Tuelewane hapo kwanza, maana kiangazi kile cha mwaka sitini na nne mtaa wetu wote hapa Queens, New York, ulimlilia huku mwenyewe akipita barabarani na mkate kwapani.

Aliyemuua ni Loretta, binti wa fundi viatu, kiongozi wa kundi la wasichana watatu waliokuwa wametoa santuri yao ya kwanza. Nyimbo zao unazijua: mvulana, pikipiki, mvua, kona, kwaheri. Mvulana lazima afe. Asipokufa nani atanunua? Mtunzi alipomwuliza marehemu aitwe nani, Loretta alikuwa na jina moja tu mdomoni. Wiki ile ile Carmine alikuwa amemwacha kwa sababu mama yake, Bi. Filomena, alisema msichana mwenye nywele zilizotimuliwa kiasi kile hajui hata kuchemsha maji. Basi Loretta akamuua, tena bila huruma. Katikati ya wimbo muziki unatulia, wenzake wanauliza, “Carmine yuko wapi?” naye anajibu kwa sauti ya kukabwa na kilio, “Hayupo. Harudi tena.”

Redio ikaupiga. Sasa sisi Wataliano, msiba ni chakula. Kabla ya jioni masinia ya makaroni yalikuwa yamepangana mlangoni kwa Bi. Filomena. Carmine mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Jirani mmoja akapiga ishara ya msalaba, akamkabidhi sinia vilevile, maana kurudi nalo nyumbani ni nuksi. Bi. Filomena akayarudisha yote, moja moja.

“Gereji wananiita marehemu,” Carmine alimlalamikia Loretta.

“Si ulitaka tuachane? Tumeachana.”

Mdomo ulisema hivyo, lakini moyo ulikuwa unamtaka yule yule. Alijua kwamba mlango wa Carmine unapitia kwa mama yake, na mama huyo yeye amemzikia mtoto akiwa hai.

Jumamosi kundi likaimba kwenye ukumbi wa kanisa. Loretta alikuwa nyuma ya pazia akipuliza dawa nywele zake zisianguke, mara Bi. Filomena akaingia na gauni lake jeusi la miaka yote. Loretta akasubiri kofi.

“Wewe ndiye uliyemzika mwanangu?”

“Ni wimbo tu, mama. Nisamehe.”

“Nimeusikiliza jikoni, mpaka nimeukariri.” Bi. Filomena akaketi juu ya kreti la soda. “Carmine yuko hai, anakula kama wanaume watatu. Huyo wa kulilia nini? Lakini Rocco wangu...”

Rocco, kaka yake Carmine, Loretta alimjua kwa picha tu: kijana mwenye sare za jeshi, na taa nyekundu mbele yake. Alibaki vitani Korea, hata jeneza halikuja. Mtaa mzima uliogopa kumtaja mbele ya mama yake, ukidhani unamsitiri.

“Hakuwa na mchumba,” alisema Bi. Filomena. “Hakuna msichana aliyemlilia. Kilio cha mama ni wajibu, hakihesabiki. Jina lake linaingia kwenye wimbo huo, mwanangu. Nimejaribu nikiosha vyombo.”

Loretta alimshika mkono, kisha akaenda kuwanong'oneza wenzake.

Muziki ulipotulia, wenzake wakauliza, “Rocco yuko wapi?” Ukumbi ukashtuka. Loretta akaitafuta ile sauti yake ya kukabwa na kilio, asiione. Akajibu kama mtu anayeulizwa njia.

“Hayupo.”

Kule nyuma Carmine akavua kofia.

“Harudi tena,” alisema Loretta, na safu ya mbele Bi. Filomena akaitikia kwa sauti, kama aitikiavyo misa, “Harudi.” Hapo wanawake wa mtaa wakaangua kilio walichokuwa wamekibana tangu vita vile. Wimbo haukumalizika, wala hakuna aliyeudai.

Kesho yake masinia yakarudi mlangoni, na safari hii Bi. Filomena akayapokea yote. La mwisho alilileta Loretta, kalipika mwenyewe, makaroni yameungua chini na juu bado mabichi. Carmine alipakua sahani moja, akaonja, akaifunika. Bi. Filomena alimnyang'anya sahani, akala mpaka ikaisha, akamwambia mwanawe ampishe msichana akae.