Kidole cha Ndete

"Mfaransa hapandi mlima," alisema Kiarie. "Anauomba ruhusa."

"Na Mjapani wako je?" Ngui akamjibu. "Unakanyaga mafuta leo, anafikiria mpaka kesho. Gia zinajibadilisha zenyewe, wewe umekaa tu kama abiria. Hiyo nayo ni kuendesha?"

Wanaume walioegemea ukuta wakacheka. Mzee Mbaluka aliwaona wakicheka kabla ya kukisikia kicheko chenyewe. Alikuwa amesimama mbele ya gari la buluu, la Kifaransa, boneti wazi, bisibisi ndefu mkononi, naye alijua kwamba punde watanyamaza. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya ukuta ule nyuma ya soko la Jericho. Kila Jumamosi alasiri waliruhusiwa kubishana wapendavyo juu ya nguvu za injini, na juu ya choki ambayo ukiivuta kupita kiasi asubuhi gari linalewa petroli. Lakini gari lilipotaka kuuzwa, Mbaluka aliiegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini, akautia mpini sikioni, kisha akatoa neno. Kwa miaka thelathini hakuna aliyenunua gari pale bila neno hilo.

Gari la leo lilikuwa la Ndete, dereva mstaafu wa serikali, aliyezikwa kwao Mwala wiki tano zilizopita. Mjane wake, Teresiah, alikaa kwenye benchi la gereji, mkoba magotini. Alikuwa anarudi Mwala kuishi huko, na gari hakulihitaji tena.

"Ni neno lako tu, fundi," alisema Kiarie, ambaye licha ya dhihaka zake zote alikuwa amelizunguka gari lile tangu asubuhi. "Ukisema mzima, namchukua. Krismasi nampeleka mama watoto na wale watatu Nyeri."

Teresiah akaingia garini, akawasha injini. Mbaluka akainama.

Kupitia mpini ulimfikia mvumo wa mbali, kama mvua inayonyesha juu ya paa la jirani. Hakuna zaidi. Valvu, ambazo zamani zilimsemesha moja moja, zilikuwa kimya, na huu ulikuwa mwaka wa tatu wa ukimya huo.

Jambo hili walilijua watu wawili, na mmoja wao alikuwa kaburini. Kila Jumamosi Ndete alisimama nyuma yake, kiganja begani, mithili ya rafiki anayechungulia tu. Mwenye masikio alikuwa Ndete. Akigonga bega kwa kidole mara moja, injini ni nzima. Mara mbili, valvu. Mara tatu, beringi. Mbaluka alijinyoosha akatangaza, na watu wakamsifu. "Ukipona tutaacha," Ndete alimwambia siku ya kwanza. Hakupona.

Leo bega lilikuwa jepesi mno.

Angeweza kusema "mzima". Kila mtu pale alitaka kulisikia neno hilo, mjane kuliko wote, nalo lilikuwa limeshafika ulimini. Kisha akilini akawaona watoto watatu wa Kiarie wamelala kiti cha nyuma, gari likiteremka kuelekea daraja la Sagana. Akaiondoa bisibisi, akaifuta ncha kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi.

"Sisikii kitu," alisema.

"Si niliwaambia?" Ngui alidakia. "Mfaransa akitunzwa hapigi kelele."

"Sikusema injini, Ngui. Nasema mimi. Masikio yangu yamekufa."

Kiarie alimsogelea. "Tangu lini, mzee?"

"Huu mwaka wa tatu."

"Na lile gari jeupe ulilonikataza mwaka jana, nani alisikia?"

"Ndete. Alinigongea begani."

Hakuna aliyefanya mzaha, na hilo lilimchoma kuliko kicheko, kwa maana hawa walifanya mzaha hata matangani. Kiarie alitazama chini. "Jumatatu nitaleta fundi mwingine kutoka mtaa wa Umoja," alisema hatimaye. "Si kwa ubaya, mzee." Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu akimpa Mbaluka mikono miwili, kama apewavyo mfiwa.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Teresiah akashuka, akasimama mahali ambapo Mbaluka angeiona midomo yake.

"Shemeji, mimi nilikuwa najua."

"Alikwambia?"

"Aniambie wapi. Ijumaa jioni alikuwa akigonga meza ya chakula. Moja. Mbili. Tatu. Nikimuuliza, anasema ni mazoezi ya kazi. Kazi gani, na umestaafu? Siku moja nikamletea chakula hapa, nikauona mkono wake ulipokuwa."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Jumamosi ndiyo siku aliyoamka akipiga mluzi." Aliitazama injini kwa kitambo. Alikuwa ameisikiliza kando ya mumewe miaka thelathini na mitano, Nairobi hadi Mwala, Mwala hadi Nairobi. "Haya, inama. Kama kawaida yenu."

Mbaluka akainama, akautia mpini sikioni. Nyuma yake kiganja kikatua begani, chepesi kuliko kile alichokizoea. Kilikaa muda mrefu. Kisha kidole kikainuka, kikagonga mara moja.

Hakujinyoosha. Alibaki ameinama juu ya ule mvumo wa mvua ya jirani, akingoja kuona kama kidole kitagonga tena.