Unyoya wa Dresa Wabwile

Dresa Wabwile, mhudumu wa kufunga vidonda, aliujua ukoma kuliko ulivyojijua wenyewe. Hivyo ndivyo alivyowaambia watu tangu atoke mafunzoni Kitale, mwaka 1953, akawa anazunguka masoko ya Bungoma na unyoya wa kuku na karatasi zenye picha ya mwili wa mtu.

"Ugonjwa huu unapenda mahali pa baridi," alihubiri. "Masikio, viwiko, magoti, makalio. Kwapani kwenye joto haukai!" Baka likionekana, aliligusa kwa unyoya. Asiyesikia kitu alipewa vidonge.

Ila makalio aliyataja tu. Nani awavue wazee kaptula? Hapo kwenye picha aliandika "safi" bila kuangalia, mwaka mzima. Kule Misikhu baba mkwe wake, Mzee Mukhisa, aliuliza, "Na huku nyuma je?" Wabwile nusura azimie kwa aibu. Mkwe! Akaandika "safi" mara mbili.

Jumapili moja mkewe Nekesa alikuwa akinyoosha nguo kwa pasi ya makaa. Kaa likadondoka kitini, naye Wabwile akaja na gazeti lake, akaketi kibwana. Punde akanusa.

"Mama Edah, nani anachoma nyama?"

"Si ni wewe unaungua, Baba Edah! Simama!"

Nyani haoni kundule. Nekesa alimgeuza dirishani, akamshusha nguo, akaona baka la rangi iliyofifia, pana kama kisosi, na kidonda kibichi katikati. Wabwile hakuwa amesikia chochote. Alicheka mpaka machozi, mtaalamu mzima kujichoma kama hindi. Kisha Nekesa akauliza polepole, "Na baba yangu, ulimwangalia?"

Kicheko kikamkauka. Alimwogopea mzee kuliko alivyojiogopea mwenyewe.

Kesho yake asubuhi alikuwa Misikhu, nyuma ya ghala la mahindi la mzee. Akaeleza yote, akafungua mshipi, akamgeuzia mkwe wake mgongo. Jambo hilo ukoo wake haukuwa umelifanya tangu dunia iumbwe.

Mzee Mukhisa alitazama kidonda, akaguna. "Kumbe daktari naye ana matako," akasema. Akafungua kaptula yake, akainama akishika ukuta.

Baka lilikuwepo. Wabwile akapitisha unyoya juu yake mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.

"Haya, mkwe," mzee akasema, "si uanze?"